Mshale Uliogeuka

Jumanne, baada ya magharibi

Darasa zima, tena! Tangu wiki jana nawaambia kwamba katika mlolongo wa chakula mshale hufuata nguvu, utoke kwa chakula uende kwa mlaji. Leo kila daftari nililofungua, kaa analielekezea mshale jani la mkoko, utadhani analirushia mkuki. Nilikasirika mpaka chaki ikanivunjikia mkononi. Na nikiri, nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba asiyejua ni mimi, mwalimu wao.

"Lakini mwalimu, si kaa ndiye alaye jani?" akasema Mwanasiti, binti wa mvuvi wa Funzi. "Ndiyo maana twaanza na kaa."

Kumbe! Watoto walikuwa wakichora sentensi yao vile vile waisemavyo.

"Haya, anza na jani," nikamwambia. "Jani hufanywa nini?"

"Huliwa na kaa."

"Na kaa?"

"Huliwa na samaki changu. Na changu huliwa na mimi!"

Darasa likaangua kicheko, na vifutio vikaanza kazi. Mishale yote ikageuka. Neno moja tu, huliwa!

Kisha sauti ikatoka nyuma: "Na mwalimu huliwa na nani?"

"Mwalimu haliwi," nikajibu, kwa maringo.

Sasa hivi mbu ameinuka kifundoni mwangu, tumbo limemjaa damu. Ametua ukutani, na kabla sijavua ndala, mjusi kamdaka.

Kesho mlolongo ubaoni utaanza na jina langu.