Maji ya Moto ya Bi Zuhura

Mjukuu wangu Neema,

Huku Igawa hatujambo. Mpunga tumevuna, na babu yako bado analalamikia goti lake. Umeniuliza umwambie nini rafiki yako, ambaye mtoto wake amezaliwa amekufa.

Miaka ya sabini, kabla ya baba yako, yalinipata hayohayo. Hakuna jirani aliyeleta uji wa mzazi, maana mtoto hakuwepo. Bi Zuhura tu, mke wa muuza vitenge, aliingia na ndoo ya maji ya moto na kitambaa.

"Ya nini, Bi Zuhura? Sina mtoto."

"Lakini umezaa. Mzazi anakandwa."

Akanikanda tumbo, tukilia wote. Mwanamke yule, jamani! Akarudi kila asubuhi mpaka nikapata nguvu.

Usihangaike na maneno, mama. Chemsha maji, uende.

Bibi yako