Chumba Kisicho cha Vita wala cha Makoloni

Jumatatu, 29 Mei 1854

Ngumi tena mbele ya mlango. Sajenti wa kuandikisha jeshi alimng'ang'ania muuza chaza aende kupigana na Mrusi. Muuza chaza hakutaka. Sajenti na wenzake wakampasua kichwa kwa chupa. Damu hadi kwenye ngazi yetu, na nani wa kuifuta? Mimi, Josiah Pluckrose, bawabu wa Wizara ya Vita na Makoloni. Jina refu kuliko mshahara!

Ndani nako hakuna raha. Nyumba hii ya Mtaa wa Downing imeoza, ukuta wa nyuma tumeuegemeza kwa magogo. Karani Wragge anasema ikianguka itaua wote wanaoutaka ugavana kwa mpigo mmoja, na dola itapona. Siku nyingine ningecheka.

Leo sikucheka kwa sababu kwenye chumba cha kungojea ameketi Meja Thurlby. Alinitupia kofia bila kunitazama. "Mwambie Waziri nimekuja kwa habari ya ugavana." Thurlby! Mkuu wa ngome ya mpakani kule Rasi ya Tumaini Jema, mwanangu Ned alikofia. Homa, jeshi lilituambia. Nikasema, "Ndiyo, Afande," nikaitundika kofia yake.

Jumanne, 30 Mei

Kaja tena. Ana fimbo nene yenye kichwa cha fedha. Desturi ya hapa: mnyonge nampokonya hata mwavuli, bwana mkubwa anaingia na fimbo yake. Vita na makoloni wote wanangoja chumba kimoja — magavana, wajane, vilema. Wenye fimbo huketi karibu na dirisha.

Tabitha sijamwambia. Tangu msiba mke wangu halitaji jina la Ned.

Ijumaa, 2 Juni

Mkono wa kulia umevimba. Kuandika ni taabu.

Alikuja mtu anaitwa Abel Crouch, mpiga ngoma wa zamani, anadai kiinua mgongo. Mabega ya fahali, macho ya mgonjwa. Aliposikia wananiita Pluckrose akasimama wima.

"Mzee, wewe ni nani wake Ned?"

"Baba yake."

Akaanza kulia. Mtu mzima! Nikamvuta hadi chini ya ngazi, kwenye ghala la makaa ya mawe, akaniambia. Haikuwa homa. Ned alijibizana na Meja juu ya maji ya kunywa. Akahukumiwa chapa hamsini za mjeledi, ndio mwisho wa sheria. Na jeshini anayechapa ni mpiga ngoma. Crouch akachapa. Alimpenda Ned, akachapa kwa mkono mwepesi. Zilipofika arobaini na kitu, Meja akasema, "Hizo hazihesabiki. Anza upya."

Akaanza upya. Meja akasema tena vilevile.

Sikungoja amalize. Nilimpiga mdomoni, nikampiga tena, jino likanikwama kwenye kidole. Hakujikinga. Alikuwa anasema tu, "Piga, mzee. Piga." Nikachoka mimi. Tukaketi juu ya makaa kama mbwa wawili waliokwisha kuumana. Nikamnunulia bia. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 3 Juni

Nimemwambia Tabitha. Alikuwa anakata mkate. Hakuacha kukata. Aliukata wote, mpaka mezani hapana nafasi. Halafu akasema, "Na huyo mtu unampokea kofia?"

Alhamisi, 8 Juni

Wizara inavunjwa! Vita kivyake, makoloni kivyake. Wragge ana furaha ya mtu anayeshuhudia talaka ya jirani.

"Ndoa ya nusu karne, Mzee Pluckrose! Mwanzoni makoloni yalikaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tukiwa vitani na Mfaransa, mwaka 1801, wakampa Waziri wa Vita ayabebe na hayo. Na kwa nini isiwe hivyo? Visiwa vilichukuliwa kwa bunduki, bunduki zikalipwa kwa sukari. Baadaye amani ikaja, vita ikawa mke aliyelala, makoloni ndiye mwenye nyumba. Sasa Mrusi kamwamsha bi mkubwa! Jumatatu wanaachana."

"Na askari aliyeuawa na mkubwa wake kule kwenye koloni, ni wa nani?"

"Mpaka Jumatatu ni wa Waziri mmoja. Baada ya hapo? Vita watakwambia ni shauri la koloni. Makoloni watakwambia ni shauri la jeshi. Utakuwa mpira, mzee wangu."

Basi nina kesho na keshokutwa tu. Crouch amekubali kusema yote mbele ya Waziri. Nataka neno moja tu litamkwe: kwamba Ned aliuawa.

Jumamosi, 10 Juni

Naandika nikiwa na jicho moja. La pili limefumba.

Jana Waziri hakuja. Leo nilimsubiri kwenye ngazi, Crouch nyuma yangu. Waziri akashuka, mabwana wamemzunguka. Nikasema, "Mtukufu, mwanangu Ned Pluckrose —" Akageuza kichwa kunitazama. Naapa aligeuza kichwa! Ndipo fimbo ya fedha ikatua usoni kwangu. Nikaanguka ngazi kadhaa. Thurlby akanifuata, akanipiga ya pili na ya tatu, mbavuni, taratibu, kama anayekung'uta zulia.

"Mlevi huyu, Mtukufu. Samahani sana."

Waziri akapita. Crouch alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni. Meja alikuwa amemwambia "Simama!" naye akasimama. Miaka yote hiyo, na bado anasimama!

Wragge aliniokota. Akaninong'oneza kwamba Meja kaambiwa aje Jumatatu achukue ugavana wake. Kisiwa kizima. Watu maelfu na migongo yao.

Nina chuki mpaka meno yanauma.

Jumatatu, 12 Juni

Siku ya talaka. Mikokoteni mlangoni tangu asubuhi. Waziri mwenyewe kachagua vita, kahama na watu wake. Wanagawana kila kitu: meza, saa, ndoo za makaa. Makarani wawili, watoto wa mabwana, wamebingirishana sakafuni kwa ajili ya kiti, mmoja kang'atwa sikio. Vyumba vyote vimepata mwenyewe. Isipokuwa kimoja. Chumba cha kungojea wamekisahau, maana wao hawajawahi kungoja.

Meja kaja. Nikanyoosha mkono. "Fimbo, Afande."

"Wewe! Hujashiba?"

"Leo ni mgawo, Afande. Fimbo zote zinabaki kwangu."

Akacheka, akanirushia. Akaingia, akaketi dirishani.

Crouch kaja kabla ya adhuhuri. Tulitazamana. Sikumpekua. Nikamtilia fimbo ya fedha mkononi, nikamfungulia. Alipoingia nikazungusha ufunguo nyuma yake.

Nimekaa kwenye kigoda changu mlangoni, naandika.

Mwanzo nilimsikia Meja. "Simama!" Halafu tena, "Nimesema simama!" Kisha kiti kikaanguka. Kisha ukelele, si wa Crouch.

Wragge kapita na mafaili kifuani. "Nani huyo anapiga makelele?"

"Meja Thurlby."

"Si ameondoka na Vita?"

"Sijui, bwana."

Akamsimamisha mtu wa Vita aliyebeba saa. "Thurlby ni wenu?"

"Wenu huyo! Si gavana?"

"Hatuna karatasi yake."

Wakabishana kidogo. Wakanitazama. Nikatazama mbele. Wragge akaliangalia jicho langu lililofumba, akasema polepole, "Basi si wetu," akaenda zake. Na wa saa naye akaenda.

Sasa Crouch anahesabu kwa sauti ya gwaride. Kila namba na kishindo chake. Meja anaita, "Bawabu! Bawabu, kwa jina la Mungu, fungua!" Ned naye aliomba kwa jina la Mungu. Crouch aliniambia.

Ufunguo uko mfukoni. Nimesimama. Mkono umefika kwenye kitasa. Nikamwona akilini Tabitha na ule mkate. Nimekaa tena.

Thelathini. Meja haiti tena, anakoroma tu. Nikifungua sasa ataishi. Nadhani ataishi.

Arobaini na tatu. Arobaini na nne.

Kimya. Nashukuru! Crouch amekoma, nainuka nifungue —

Crouch anasema, "Hizo hazihesabiki."

Moja.