Picha ya Migongo

Jumatatu, 4 Machi

Wafadhili wanataka picha. Tena! Mkurugenzi kaingia asubuhi simu mkononi, hata salamu hakumaliza. Makao makuu wanaomba ushahidi kwamba watu wa pande mbili za mto kweli wanaketi pamoja. Nikamkumbusha: kwenye vikao vyetu vya usuluhishi simu zote hutiwa ndooni pale mlangoni, na sheria hiyo wajumbe waliiweka wenyewe. Kasema anajua, ila bila ushahidi hakuna awamu ya pili ya mradi. Basi tumekubaliana — migongo tu. Mgongo hauna jina, kasema. Mimi mkalimani, sasa na mpiga picha. Mshika mawili!

Jumatano, 6 Machi

Wamekubaliana zamu za kunywesha mifugo kivukoni! Siamini. Wakiwa wameinamia ramani, nikapiga picha kutokea nyuma kwa simu ya ofisi. Shemeji aliniona. Ni mume wa dada yangu, mtu wa ng'ambo. Ndiye aliyewashawishi wenzake waje. Akarudi kwenye ramani. Nimeituma.

Ijumaa, 8 Machi

Makao makuu wamefurahi mno. Picha iko kwenye ukurasa wao, watu wanaipenda. Mkurugenzi katununulia soda ofisi nzima. Yangu nimeiacha mezani. Nimeifungua picha tena na tena. Migongo tu, hakuna uso.

Jumamosi, 9 Machi

Dada kapiga simu. Kaniita kwa jina — yeye, ambaye siku zote huniita "mdogo wangu." Kauliza taratibu nani alipiga ile picha.

Bega! Wamemjua shemeji kwa bega la kushoto, lile lililoshuka tangu alipoanguka na pikipiki. Mji mzima unalijua, watoto humwigiza. Mimi mwenyewe nilimtania nalo siku ya harusi yao. Na sikuliona. Nilikuwa natafuta nyuso. Nilipoona hakuna, nikaridhika.

Vijana wa kwao wasiotaka vikao wanamwita msaliti. Mlango wa karakana yake ya baiskeli umepakwa rangi nyekundu. Dada kamalizia, "Wewe lala tu. Sisi huku hatulali."

Naona aibu. Na naogopa, naogopa sana.

Jumapili, 10 Machi

Nimemganda mkurugenzi mpaka akaandika waiondoe. Wamejibu: kitengo cha mawasiliano hakifanyi kazi wikendi. Wikendi!

Jumatatu, 11 Machi

Wameiondoa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, iko kwenye simu za watu wote kule. Kikao ni kesho, na mgeni kutoka makao makuu anakuja kukiona. Nilimsihi shemeji asije. Kajibu kwa ujumbe wa sauti: asipokuja, watasema alikuwa na la kuficha. Hakunitania hata kidogo.

Jumanne, 12 Machi

Naandika jikoni mwa ukumbi. Nimesingizia chai.

Shemeji kafika wa kwanza, mzima, namshukuru Mungu. Katia simu ndooni. Viti nilikuwa nimevipanga duara kama kawaida. Akachukua kimoja, akakiburuta hadi ukutani, akakaa mgongo ukiegemea ukuta. Hakunitazama. Mzee mmoja wa upande wetu akamwangalia, kisha naye akaburuta chake. Halafu mwingine, na mwingine, wa huku na wa ng'ambo. Sasa wamejipanga kuzunguka kuta zote nne na katikati ni sakafu tupu, kasoro mgeni na kiti changu. Hakuna aliyewaambia.

Mgeni katabasamu, kaniomba niwaulize: kama wamepatana, mbona wamekaa mbalimbali hivyo?

Niliuliza. Kisha shemeji akasema, akimtazama mgeni, si mimi, "Tusimjibu sisi. Mkalimani anajua, amweleze."

Nikasema ngoja nilete chai kwanza.

Imeshachemka. Mkurugenzi kachungulia, kaninong'oneza nimwambie mgeni ni desturi yao, mambo yaishe. Kabeba sinia mwenyewe ili nisichelewe. Kaacha mlango wazi. Kutoka hapa naona kiti kimoja tu kitupu pale katikati, cha kwangu, karibu na mgeni, na wote ukutani wananitazama mimi —