Makopo ya Taraben

Jumatano, 8 Oktoba 2014

Nimerudi kutoka Plymouth mikono mitupu. Gereji ya Mzee Harshad inanuka siki, na si siki ya jikoni. Ni mkanda wa filamu unaooza. Ukishaanza kutoa harufu hiyo, hauponi. Unazidi kujikunja tu. Makopo yamekaa kati ya mashine ya kukatia nyasi na matairi ya theluji. Ndani yake imo nakala pekee ninayoijua ya filamu ya tatu, na ya mwisho, ya mama yake, Taraben Sodha – aliyeongoza filamu Bombay wakati wanawake wenzake walipokuwa wakiruhusiwa kuigiza tu, tena kwa shida. Alipofariki hapa Minnesota, tanzia ilimwita mpishi hodari.

Tasnifu yangu nzima imo gerejini mwa mtu!

Tunazungumza Kiswahili, yeye na mimi. Alikulia Mwanza, ambako baba yake alikuwa na jumba la sinema. Adabu zote anazo: chai ya maziwa, karanga, karibu binti. Kisha sharti. Maabara ya chuo itapewa makopo, mkanda utasafishwa na kunakiliwa, ila bango la onyesho la Novemba lisomeke kwamba mwongozaji ni baba yake. Mama alisaidia tu, anasema. Alisaidia! Nina magazeti ya Bombay ya wakati ule yanayomtaja mama peke yake. Nilimsomea. Alisikiliza kwa heshima, akaniongezea chai.

Alhamisi, 9 Oktoba

Msimamizi wangu anashauri maafikiano: majina yote mawili. Anaona ni busara. Mimi naona ni uongo uliogawanywa nusu kwa nusu.

Jeptoo, ninayeishi naye, anasomea uuguzi na hana subira na wafu. Akasema, "Si uandike tu jina la huyo babake, filamu iokolewe, u-graduate, tuhame hii basement?" Nikamweleza kwamba kosa likishachapishwa hunukuliwa milele. Akasema basi nikaolewe na Taraben. Nilifunga mlango.

Katika jambo moja yuko sawa: siki haisubiri.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mzee Harshad alikubali kidogo. Kopo la kwanza tu, na lifunguliwe mbele yake. Alilileta maabara amelizungushia shali.

Fundi aliukunjua mwanzo wa mkanda juu ya meza ya taa. Majina ya waigizaji. Mpiga picha. Mtunzi wa nyimbo. Halafu kiungo cha gundi kuukuu, ya kahawia – na papo hapo tukio la kwanza. Jina la mwongozaji halipo. Mahali pake pamekatwa, na mkato umepinda. Haukukatwa kwa mashine.

Nikasema kwamba sasa tumeiona kazi ya mwenye jumba la sinema. Nilisema taratibu, bila kupandisha sauti. Nadhani ndiyo maana iliuma. Mzee alivaa kofia yake akaondoka. Kopo aliliacha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilikwenda Plymouth kuomba radhi kwa namna nilivyosema, si kwa nilichosema. Tulibaki mlangoni. Leo hapakuwa na chai.

"Baba hakukata," akasema. "Mama ndiye. Kwa mkasi wake wa kushonea. Mimi nilimshikia mkanda."

Akanisimulia yote pale pale, mlango uko wazi, baridi inaingia. Wakwe walikuwa wakija kutoka Kisumu kumposa dada yake. Wanawake wa upande wao wangepelekwa kwenye onyesho la akina mama, na filamu ya wiki ile ilikuwa hii. Nani angechukua binti wa mwanamke wa filamu? Baba alimsihi mkewe aiache, waonyeshe nyingine. Mama alikataa, alitaka filamu ionekane, ila bila yeye. Wageni waliambiwa ni kazi ya mume. Dada aliolewa, na uongo ule ukawa heshima ya nyumba.

"Sasa wewe unataka kurudisha alichokitoa mwenyewe. Ulimwuliza lini?"

Nimefunzwa kuwatuhumu waume, watayarishaji, wanahistoria. Sikufunzwa la kufanya na mkono wa Taraben mwenyewe. Nina hasira bado, na sina wa kumkasirikia. Nikiandika jina, ninampinga. Nisipoliandika, mpishi hodari ameshinda.

Ijumaa, 17 Oktoba

Bango linatakiwa kwa mchapishaji leo. Mbele ya neno "mwongozaji" hapana kitu.

Mchana Mzee Harshad ameingia maabara bila taarifa, na bati la biskuti la mama yake. Vifungo vya nguo, nyuzi za kushonea, na chini kabisa leso. Ndani ya leso, kile kipande cha mkanda kilichokatwa, kimeviringwa kama utepe wa fundi cherehani. Alikikuta baada ya mazishi. Hakumwambia mtu, hata dada yake.

Nikasema kama mama angetaka jina lipotee angelichoma moto. Akasema labda alisahau kwamba analo. Nikamwuliza kama mama aliendelea kushona.

"Kila wiki," akasema, akalitazama bati.

Fundi anauliza kama akirudishe mahali pake. Nilimtafsiria Mzee, ingawa Kiingereza anakijua kuliko mimi. Amekikunjua kipande na kukiinua kwenye taa. Amekishika kingoni, kwa vidole viwili, bila kugusa picha – kama washikavyo watu wa kazi hii, na hakuna wengine. Nimemwuliza nani alimfundisha kushika hivyo.

"Mama."

Naandika haya kwenye ukingo wa meza. Mchapishaji amepiga simu, sikupokea. Fundi ameshafungua chupa ya gundi. Mzee bado amekishika, na midomo yake inatembea, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma.