Usimlete Ketrina Kujifungulia Ibaba

Kijijini Ibaba,
Ileje, Songwe.
9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Anyelwisye,

Habari za huko Lindi? Wifi yangu Ketrina anaendeleaje na ujauzito wake? Nasikia joto la huko ni kali. Wewe uliyezoea kulala na mablanketi mawili sijui unaponaje. Sisi tunaendelea, ila magoti ya Mama yamezidi kumsumbua, hata kanisani haendi tena.

Mahindi yamestawi na mvua hazijatunyima. Natamani habari zangu zingeishia hapo.

Wataalamu walipita wakachota maji ya visima vyote kwenda kuyapima. Majibu yamesomwa mkutanoni: maji ya pampu yetu, ile ya karibu na kanisa, yana madini ya risasi kupita kiwango. Wekundu wake ule unaoujua, wamesema ni kutu tu na wala si huo wanaouogopa. Risasi haina rangi wala ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Huwaumiza zaidi watoto wachanga na walio tumboni, inawaharibu ubongo polepole.

Sasa wewe unajua mambo yetu. Wanawake wa hapa wanaacha mto na kupanga foleni pale kwa sababu ya wekundu huohuo, wakiamini unaongeza damu. Kila aliyejifungua katika ukoo wetu, Mama amempikia uji wa ulezi kwa maji hayo. Mimi pia niliunywa, nikamnyonyesha Lwitiko. Juzi kitinda mimba wangu huyo ametolewa damu kule Mbeya, tunasubiri majibu. Anacheza vizuri tu, lakini daktari amesema kwa macho huwezi kujua. Naogopa sana, mdogo wangu.

Kwa hiyo nakuomba usimlete Ketrina. Najua mlishapanga, na Mama alishakikandika upya chumba cha uzazi. Chemchemi ya bondeni tunakochota sasa nayo bado haijapimwa.

Nilitaka nikudanganye kwamba barabara imekatika. Mama akakataa. Akasema, "Mwandikie ukweli. Mwambie nilikuwa nawapa nikijua ni dawa." Halafu akalia.

Na huko mliko, hebu ulizia kama maji mnayokunywa yamewahi kupimwa. Usione aibu kuuliza.

Shemeji yako Gibson anawasalimu, na Lwitiko anadai zawadi yake. Mungu amjalie Ketrina ajifungue salama, na mtoto aje na afya njema.

Mama naye anawasalimu. Anasema mtoto akizaliwa mumwogeshe kwa maji ya vuguvugu, mumkande mgongo taratibu, na mumwambie bibi yake alikuwa anamsubiri.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Tulinagwe