Pindo Lililoachwa Wazi

Busia, upande wa Kenya
Jumamosi mchana

Kwako Mama,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na kwamba ule mguu haukusumbui tena ukitoka shambani. Baba bado anakohoa? Mtama umetoa masuke ama ndege wamewatangulia? Huku tuko wazima. Kaka Othieno anaenda kazini, mimi naenda shule, na mkewe, wifi Nabwire, tumbo limeshuka, anatembea ameshika kiuno.

Najua ungependa nipige simu. Lakini simu ni ya kaka, na kwenye simu mimi huishia kusema "ndiyo Mama, sawa Mama" mpaka inakatika. Lugha yetu ya Dhopadhola naongea, ila kuandika kunanishinda. Kiingereza cha shule kingekufanya utafute mtu wa kukusomea, na haya sitaki yasomwe na mwingine. Ndiyo maana nimeandika Kiswahili ulichojifunza ukiuza vitunguu hapa mpakani. Yule mama muuza mukene, wale dagaa, amekubali kukuletea. Watu hapa wanasema Tororo ni hapo tu. Kwangu mimi ni mbali.

Mama, nimechanganyikiwa. Nianzie kwa jirani yetu, Mama Brayo. Yeye ndiye aliyesema wifi lazima afanyiwe beibi shawa. Ni sherehe ya wanawake, mtoto akiwa bado tumboni. Wanamwimbia mama yake, wanakula, kila mmoja analeta zawadi. Mimi sina chochote cha kununulia zawadi, nikamwambia Mama Brayo sitakuja. Akanicheka. "Wewe mtoto wa Tororo, mikono umeiacha kwenu? Tutashona."

Kumbe ni rahisi. Tulienda kwa fundi cherehani, akatupa mabaki ya vitambaa bure, tena alifurahi tumemfagilia kibanda. Tukachukua tisheti za kaka zilizochoka. Mkono wa tisheti ukiukata, ukikusanya juu ukafunga fundo kama kichwa cha kitunguu, ukapinda chini, umepata kofia ya mtoto mchanga. Taulo kuukuu inakuwa bibu ya kumfungia shingoni asichafuke. Vipande vidogo kabisa unavishindilia ndani ya soksi, unashona, inakuwa mpira laini. Kwanza unachemsha kila kitu kwa sabuni, unaanika juani, unapiga pasi. Mama, nilishona vizuri. Mimi ambaye darasani siinui mkono, nilikuwa nangoja kwa hamu watu waone.

Basi Jumapili tukatandika mkeka uani, wanawake wa kwaya ya wifi wakaja, nikapanga kofia zangu kwa rangi. Walikuwa katikati ya wimbo mama yake wifi alipoingia kutoka kwao Lunyo, na mihogo kichwani, bila kutuambia kwamba anakuja. Alitua mzigo. Akatazama mkeka. Wimbo ukafa wenyewe.

Akauliza, pole pole kabisa, "Mtoto amezaliwa lini? Mbona mimi sikuitwa?"

Akaokota kofia moja. "Nani alishona hii vitu?"

Nami nikainua mkono, Mama. Kama niko darasani. Mama Brayo alitaka kucheka akajizuia.

"Kwenu hawakukuambia?" akaniuliza.

Nikasema hapana. Ni kweli, hukuniambia. Akanieleza mbele ya watu wote kwamba mtoto ambaye hajafika hashonewi nguo, kwa sababu ukimshonea ni kama unamwita njiani kabla hajamaliza safari. Nikamtazama wifi. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili. Ndipo nikakumbuka mimba yake ile iliyotoka, ambayo sisi nyumbani tulikatazwa kuitaja. Aliingia ndani, na sherehe ikaishia hapo. Mihogo ililiwa siku nyingine.

Baada ya hapo wifi hakunisemesha. Ananiwekea chakula, anaondoka. Mama Brayo aliniambia niachane na mambo ya kizamani, watoto wake wote walishonewa na wote wanamsumbua mpaka leo. Kaka alisema hayo ni ya wanawake, akaenda kunyoa ndevu. Mwalimu wetu wa sayansi angesema kofia haiwezi kufanya lolote, nami nikiwa shuleni naamini hivyo. Nikirudi, nikisikia wifi anaguna akiinuka kitini, siamini tena. Kofia nilizificha kwenye gunia chini ya kitanda changu, na nikilala nahisi nimelalia kosa. Je, nizichome? Nikizichoma si ndiyo mbaya zaidi? Sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Jana nikiwa naosha vyombo wifi alikuja akasimama nyuma yangu. Akasema, "Leta zile kofia." Nikajua zinaenda motoni. Akaketi kwenye kigoda, akatoa wembe, akaanza kufumua pindo la ile ya kijani, uzi kwa uzi. Alipomaliza upande mmoja akaacha.

"Ukiacha pindo wazi, bado ni kitambaa tu," akaniambia. "Kitambaa hakina mwenyewe. Mama alinieleza asubuhi ile alipokuwa anarudi Lunyo. Mimi ndiye nilikuwa nimekasirika, siyo yeye."

"Umenikasirikia mimi?"

"Nilikasirika kwa sababu nilizipenda."

Akanipa wembe wa pili. Tulifumua zote, kila moja upande mmoja. Kwenye bibu nilikata taulo yenyewe badala ya uzi, akacheka, akasema mtoto wangu siku moja atavaa vitambaa vitupu. Sijui kama sasa kila kitu kiko sawa. Mtoto bado hajafika.

Lakini Mama, mkono wangu ulipokuwa unafumua, nilikumbuka kile kitambaa cha njano kilicho chini kabisa ya sanduku lako, chenye vifaranga ulivyodarizi. Kimepindwa pande tatu. Wa nne uko wazi. Likizo moja nilidhani uliishiwa na uzi, nikachukua sindano nikumalizie, ukakitoa mkononi mwangu bila kusema neno. Kati ya kaka na mimi kuna nafasi kubwa. Sijawahi kufikiria ni kwa nini.

Sikuulizi. Nimekuambia tu nilichokumbuka.

Msalimie Baba, umwambie apunguze tumbaku. Msalimie nyanya, na mdogo wangu Okoth, asiguse baiskeli yangu. Salamu pia kwa shangazi wa ng'ambo ya mto.

Mtoto akifika kaka atakupigia. Tafadhali uje na sindano yako, mapindo ya mwisho nataka tushone wote watatu, wewe, wifi na mimi. Na kile cha njano, ukitaka kuja nacho, njoo nacho. Usipotaka, kiache pale pale, mimi sitakigusa tena.

Ni mimi bintiyo,
Awor