Kisu Kilichoegemea Upande Mmoja

Kisangani, tarehe 19 mwezi wa nane 1956

Kwako Mama Clothilde, bokilo wangu mpenzi, mama wa bwana wangu René,

Nakusalimu salamu za asubuhi, za mchana na za jioni kwa pamoja, maana sijui masua ya posta itashuka mto na kufika huko Yangambi saa ngapi. Miguu yako inasemaje? Delphine, anayekusomea barua zangu, aliniandikia kwamba ilivimba tena, na kwamba ukiambiwa ukae unachukua jembe na kwenda kwenye mihogo. Mama, kaa kidogo. Mihogo haikimbii. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Bibiche ameng'oka meno mawili ya mbele, na tangu hapo anashindwa kutamka jina lako, tena anakasirika tukicheka.

Labda Delphine amekwambia kwamba maandishi ya barua hii ni mabaya kuliko ya siku zote. Ni kweli, kwa sababu ninaandika mimi mwenyewe. Barua zote nilizokutumia miaka hii ziliandikwa na Basile, karani wa ghala la pamba, na mkono wake unajua kupamba herufi. Lakini Basile anasoma kwa sauti kila anachokiandika, na baraza yake haikosi watu. Basi tangu mwaka jana ninakwenda foyer social, ile nyumba ya kuwafundisha wanawake kazi, jumanne na alhamisi. Wenzangu wanajifunza kushona nguo za watoto. Mimi nilimwomba masere, yule mtawa anayetufundisha, anionyeshe herufi. Aliniuliza mwanamke anayeuza samaki anataka kumwandikia nani. Nilimjibu kwamba kuna mtu mmoja tu.

Mwaka huu maji yamepungua kuliko mwaka jana. Mawe ya katikati, yale ambayo marehemu bwana wako alikuwa anayaita kwa majina yao, yametoka yote na yamekauka meupe. Hata maporomoko yamepunguza sauti. Asubuhi, ukungu ukilala juu ya mto, unawasikia wanaume wakiongea kwenye miti iliyosimikwa majini kushikilia mitego ya samaki, kana kwamba wako ndani ya nyumba yako, nawe huwaoni. Unasikia mmoja anaomba kamba, mwingine anacheka, kisha kimya, kisha filimbi ya gari moshi la Ubundu ng'ambo ya mto. Mimi nasimama mlangoni na kikapu kichwani, nasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Ndiyo majira ambayo wewe unauliza swali lako. Safari hii nililisoma kwa macho yangu, bila Basile: kama hakuna mtu aliyeokota kati ya mawe kile kisu cha kukunja cha baba yake René. Nitalijibu, Mama. Nivumilie kwanza nikueleze kazi moja niliyoiona mwezi huu, maana sijui njia nyingine ya kufika.

Nyuma ya soko, karibu na msikiti, kuna fundi wa Wangwana, wale Waislamu wa mjini, anayeitwa Sefu. Anatengeneza kufuli, miavuli na cherehani. Si mtu wa maneno. Anamimina chai, anaisahau, na inzi anakufa ndani kabla yeye hajainywa. Nilimpelekea kisu cha kukunja. Mpini wake ni wa pembe nyeusi, na upande mmoja pembe ina mikwaruzo mitatu. Ukikikunja, ubapa hauingii katikati ya nyumba yake. Unaegemea kushoto, unasugua bamba la shaba lililo ndani ya mpini, na makali yanakufa pale pale yanapogusa.

Sefu alikipokea, akakitazama sana, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atauliza kitu, lakini hakuuliza. Alikifungua nusu, akakiinua kuelekea jua, akafumba jicho moja, halafu akaniambia nami nitazame. Niliona mwanga unapita upande mmoja wa ubapa, upana wa uzi, na upande wa pili ni giza. Alisema, «Kisu hii haina ugonjwa ya chuma. Iko na ugonjwa ya kiungo.»

Alianza kwa kukiosha kwa mafuta ya taa. Alisukuma unyoya wa kuku ndani ya mpini, akakifungua na kukikunja, akakifungua na kukikunja, mpaka mafuta yakatoka meusi. Pamoja na uchafu likatoka gamba la samaki, jembamba kama ukucha wa mtoto. Aliliweka juu ya kidole akalipuliza. Mimi nililifuata kwa macho, Mama, na nikapotea. Nilimwona mtu anayeparua samaki mlangoni mwangu, mgongo umelowa, anapiga mluzi kwa meno, magamba yanamrukia kwenye nywele na yeye hayaondoi. Nilitaka kumwambia ageuke. Ndege ikapita juu kwenda kutua uwanja wa Simi-Simi, nikashtuka, na Sefu alikuwa ameshika nyundo.

Ubapa ulikuwa bado unaegemea. Aliushika ncha kwa vidole viwili akautikisa karibu na sikio lake, na nami nikasikia: tik, tik. Ule msumari unaopita kwenye kiungo ulikuwa umelegea. Alilaza mpini juu ya kipande cha chuma, akagonga kichwa cha msumari kwa nyundo ndogo sana. Hakupiga kama mtu anayejenga nyumba. Alibisha, kama mgeni anayejua kwamba ndani kuna mgonjwa. Akibisha mara mbili tatu anakikunja, anatazama, anabisha tena. Aliniambia kwamba msumari ukikazwa kupita kiasi kisu kinakataa kufunguka, na kwa mtu wa mtoni kisu kisichofunguka haraka ni sawa na jiwe. Alipokwisha kusema hivyo aliinama kwenye kazi yake, wala hakunitazama.

Kesho yake nilirudi na liboke ya samaki, waliopikwa ndani ya majani, kwa ajili yake. Siku hiyo aliubana ubapa kwenye eto, ile mashine ya chuma iliyofungwa mezani, mahali karibu na kiungo, kati ya vipande viwili vya ngozi. Akausukuma mpini kwa kiganja, polepole, akaacha. Akatoa kisu, akatazama mwanga, akakirudisha. Alinieleza kwamba chuma kigumu kinakubali kusogea kidogo tu, na ukikilazimisha kinakatika bila kuaga. Soko lilikuwa na kelele zake zote, wanawake wa mikate ya kwanga wanaita, mtu anagombana kwa sababu ya baiskeli, lakini pale mezani palikuwa kimya kama chini ya maji. Mara ya nne alikikunja, kikatoa sauti moja safi. Nilitazama. Mwanga ulipita pande zote mbili sawasawa.

Delphine, ndugu yangu, kama umeketi na watu, simama hapa uwaombe watoke. Kisha msomee mama polepole, na usiruke neno hata moja kwa kunihurumia.

Mama, nafikiri umeshakitambua. Ni kile kisu cha bwana wako, ambacho René alikirithi. Mto haukukichukua. Miaka yote hii kimekuwa nyumbani kwangu, kimefungwa kwenye kitambaa, ndani ya sufuria nisiyoitumia. Nimekiota mara nyingi. Kinafunguka chenyewe chini ya maji, kama samaki anayefungua mdomo, na hakuna sauti.

Juma lile la mwezi wa kumi na moja, maji yalipokuwa makubwa, René alinipa kisu siku ya jumatatu. Alisema makali yanakufa kila siku, nikienda kuuza samaki nikipeleke kwa Sefu, yeye alikuwa ameshaongea naye. Jumatatu nilikutana na Marceline wa kwetu Yanonge, tukaongea mpaka soko likaisha. Jumatano mvua ilinyesha, nikakimbia kurudi. Ijumaa nilisahau. Bon, hakuna sababu nyingine ya kukupa, nilisahau tu.

Jumamosi asubuhi, alipokuwa anajifunga mshipi, aliniuliza kisu kiko wapi. Kilikuwa kwenye kikapu changu, hatua tatu kutoka pale aliposimama. Juma lile alikuwa ameshanilaumu mara mbili, mara kwa chumvi na mara kwa kuni, na nilikuwa nimechoka kulaumiwa. Nikamwambia kiko kwa Sefu, bado hajakimaliza. Alinitazama kidogo. Akasema, «Basi, nitaenda hivyo hivyo.» Akaenda.

Yaliyofuata unayajua, kwa sababu tulimsikia Jacques, mwenzake wa mtegoni, pamoja siku ya matanga. Alieleza jinsi mtego ulivyovunjika na kamba yake ikamkamata René mguuni. Yeye Jacques alikuwa juu ya miti, ng'ambo ya mkondo. Aliona mkono wa René ukishuka kiunoni, ukatafuta, ukarudi mtupu. Wewe ulikuwa umeketi kwenye mkeka. Ulisema, «Donc maji yalichukua kisu kwanza, ndipo yakamchukua mutoto.» Kisha ukanigeukia. Nami nikaitikia kwa kichwa. Kichwa kilishuka na kupanda, na uwongo ukawa umekwisha kusemwa mbele ya watu wote. Tangu hapo kila mwaka unauliza, na kila mwaka Basile anakuandikia kwamba hakuna aliyeokota kitu. Basile hana kosa. Aliandika nilichomwambia.

Nilifikiri hayo ndiyo yote niliyokuwa nayo ya kukwambia. Lakini Sefu alipomaliza, alikipangusa kisu kwa shati lake na kuniuliza kama mimi ndiye mke wa yule mvuvi Mgenia mrefu aliyekuwa anapiga mluzi kwa meno. Nikasema ndimi. Akasema alikuwa amekisubiri kisu hiki. Ijumaa ile jioni, akitoka kusali, alimkuta René amesimama kwenye kibanda chake, anauliza kama kisu kimekwisha. Sefu alimjibu kwamba hajaona kisu wala mwanamke. Nilimwuliza René alisema nini. Sefu alifikiri sana, kwa sababu hapendi kuongeza neno la mtu mwingine. Kisha akasema, «Alicheka. Akasema, Marthe iko na kazi mingi. Akasema, usimwambie kama nilikuja.»

Mama, alijua. Jumamosi nilipokuwa namdanganya, alijua. Kikapu kilikuwa pale chini, angeweza kuinama akachukua kisu chake na kunifanya nione haya. Hakutaka. Aliniachia uwongo wangu, akaenda kwenye maji kiuno kitupu.

Nimekaa siku kumi na neno hilo la Sefu. Asubuhi ninasema alifanya hivyo kwa kunipenda, na ninauza samaki wangu vizuri. Jioni, moshi wa chakula ukipanda juu ya nyumba zote, ninamkasirikia kama mtu aliye hai, ninamwuliza kwa nini hakunigombeza tu kama alivyonigombeza kwa chumvi. Wewe ndiye uliyemzaa ukamlea. Labda wewe unajua mtu wa namna ile alikuwa anafikiri nini. Mimi nililala naye miaka saba na sijui.

Kisu sitakituma na barua hii. Nitakileta mwenyewe, na masua ya juma lijalo, ile inayofika Yangambi siku ya alhamisi. Bibiche nitakuja naye. Kama moyo wako unakataa kuniona, nitaelewa nisipokukuta kwenye libongo, pale masua inapofika. Kisu nitamwachia mume wa Delphine. Bibiche atabaki kwako siku utakazopenda, maana yeye hana kosa, na mimi nitarudi na masua ile ile. Sitamwambia mtu neno baya juu yako, leo wala siku nyingine.

Lakini kama utakuja, nakuomba kitu kimoja tu. Usinyooshe mkono kuchukua kisu kwanza. Nitazame mimi usoni. Unyamaze au useme, uchukue muda wako, nitasimama. Halafu ndipo uchukue kilicho chako.

Nisalimie Delphine na mume wake, na watoto wote wa nyumba. Msalimie na jirani yenu Mama Zaina, mwambie mbegu za mboga ya ngai-ngai alizonipa zimeota, majani yake nimeyala mara mbili. Padre wetu anakusalimu, na Jacques pia, ingawa hajui ninayokuandikia.

Mungu akutunze mpaka alhamisi.

Ni mimi, Marthe,
mke wa mwanao René.